Kutoka Mstari Hadi Tendo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuliishi Neno

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya Mkristo wa kawaida: mwenye duka, mwalimu, mwanakwaya, mama anayedaiwa kikoba. Mistari imenukuliwa kutoka Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wameikuta nyumbani kwa wazazi wao. Kama unatumia tafsiri nyingine, maneno yatatofautiana kidogo ila sura na namba za mistari ni karibu zilezile.

Sijazoea kusoma Biblia. Nianzie wapi?

Usianzie Mwanzo ukiwa na nia ya kumaliza Ufunuo. Wengi huanza hivyo Januari, wanafika Mambo ya Walawi, na safari inaishia hapo. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, kwa hiyo ukisoma moja kwa siku unaimaliza kwa wiki mbili na siku chache. Ukitoka hapo soma Wafilipi (sura 4) na Yakobo (sura 5), kisha Mithali kwa kufuata tarehe, maana ina sura 31: tarehe 9 unasoma sura ya 9, na ukikosa siku mbili hujachanganyikiwa, unaendelea na tarehe ya leo. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Kwa sura nne kila siku unaimaliza kwa miezi kumi hivi, lakini hilo liwe lengo la mwaka wa pili.

Dakika ishirini zinatosha: kumi za kusoma, tano za kuandika, tano za kuomba kwa kutumia hichohicho ulichosoma. Kama unasomea kwenye simu, zima data kwanza. Ujumbe mmoja ukiingia katikati ya sura, umekwenda.

Nitajuaje kama ahadi iliyo kwenye mstari ni yangu mimi?

Uliza kwanza maneno hayo aliambiwa nani, akiwa katika hali gani. Tuchukue Yeremia 29:11, mstari unaopendwa kwenye kadi za mahafali na status za siku ya kuzaliwa: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.”

Haya ni maneno ya barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 KK. Katika sura ya 28 nabii Hanania anatangaza hadharani kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na vyombo vya hekalu vitarudi. Yeremia anaandika kwamba ni miaka sabini (29:10). Piga hesabu: mtu mwenye umri wa miaka 40 aliyesikia barua hiyo ikisomwa angezikwa Babeli. Kwa hiyo mstari wa 11 hausemi kwamba mambo yatafunguka mwezi huu. Barua yenyewe inawaonya wasiwasikilize manabii waliokuwa wakiwadanganya (29:8-9).

Je, basi haumhusu mtu wa leo? Unamhusu, lakini kupitia mistari jirani. Mungu hajawasahau watu wake hata muda unapokuwa mrefu, na kwa muda huo ametoa maagizo: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji huo (29:5-7). Mtumishi wa umma aliyehamishiwa mkoa asioupenda, ambaye mwaka wa tano sasa analala godoro likiwa chini kwa sababu “nipo hapa kwa muda tu”, asikimbilie mstari wa 11. Aanze na wa 5. Anunue kitanda, apande mchicha nyuma ya nyumba, ajiunge na jumuiya ya mtaa ule.

Aina ya andiko nayo ina neno lake. Amri iliyotolewa kwa kanisa zima, kama “mkaseme kweli kila mtu na jirani yake” (Waefeso 4:25), inakuhusu moja kwa moja. Mithali inaeleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida na haikupi hati ya dhamana: mzazi aliyemlea mtoto vizuri na mtoto akaharibikiwa asipigwe na Mithali 22:6, kwa maana kitabu hichohicho kimejaa onyo kwa mtoto mpumbavu wa baba mwenye hekima. Simulizi nayo inaeleza alichofanya mtu, pengine akiwa amekosea. Gideoni alipotandaza ngozi ya kondoo (Waamuzi 6:36-40) alikuwa tayari ameambiwa waziwazi aende (6:14). Anayesema “akinipigia kabla ya saa kumi ndiye mume wangu” anaiga shaka ya Gideoni, halafu anaiita imani.

Hatua za kutoka kwenye mstari hadi kwenye tendo ni zipi?

Tufanye mmoja kwa vitendo, Waefeso 4:28: “Mwibaji asiibe tena, bali afadhali afanye juhudi, akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji.”

Kwanza soma fungu zima, yaani mstari wa 17 hadi 32. Utaona Paulo anazungumzia kuvua utu wa kale na kuvaa utu mpya, na kila mfano anaotoa una kitu cha kuvua na kitu cha kuvaa.

Pili, andika vitenzi. Hapa viko vitatu: asiibe, afanye kazi, agawe. Wengi huishia kwenye cha kwanza. Lakini kwa Paulo, mwizi aliyeacha kuiba na akakaa tu bado hajafika. Amefika akiwa mtoaji.

Tatu, tafuta mahali mstari unapokugusa, na uandike kwa jina na kiasi. Hapa ndipo watu huteleza, kwa sababu neno “mwibaji” humfanya kila mtu amfikirie kibaka wa stendi. Jiulize: fomu ya safari niliyojaza siku tano wakati nililala siku tatu ni nini? Chenji ya abiria niliyomwambia “utapata mbele” nikijua hashuki mbele? Saa mbili za mwajiri nilizotumia kuuza nguo zangu mtandaoni? Andika: “Posho ya siku mbili, Dodoma.”

Nne, chagua tendo moja linaloweza kufanyika kabla ya Jumapili ijayo, lenye siku, mtu na kiasi. “Nitakuwa mwaminifu zaidi” halipimiki, na kwa hiyo halitafanyika. “Jumatano nitamwona mhasibu nirudishe posho ya siku mbili” linapimika. Zakayo hakuahidi kubadilika. Alitaja nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowanyang'anya (Luka 19:8).

Tano, mwambie mtu mmoja mwenye kifua, na mpange siku ya kukuuliza. Bila mtu wa kuuliza, tendo hilo huahirishwa mpaka likasahaulika.

Mstari mmoja kwa wiki unatosha. Anayejaribu mistari saba kwa wiki hufika wiki ya pili akiwa na daftari limejaa na maisha yaleyale.

“Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu.” Je, nitafaulu mtihani?

Wafilipi 4:13 umeandikwa na mfungwa, na mistari miwili iliyo juu yake inataja “mambo yote” anayoyaweza: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Ni mstari wa kuomba siku matokeo yanapotoka, yawe yoyote. Kabla ya mtihani tumia Mithali 13:4, kuhusu mvivu anayetamani asipate kitu.

Nikimwambia mtu amekosea ananijibu “msihukumu”. Nimjibu nini?

Msome naye mpaka mwisho. Mathayo 7:1 unafuatwa na wa 5, unaosema utoe kwanza boriti kwenye jicho lako, “ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi” katika jicho la ndugu yako. Kibanzi kinatolewa. Mistari kumi mbele yake Yesu anawaambia wanafunzi wawatambue manabii wa uongo kwa matunda yao, kazi isiyowezekana bila kupima. Lakini hakikisha umeanza na boriti yako, la sivyo aliyekujibu ana haki.

Nimekosana na mtu kanisani. Biblia inaniagiza nifanye nini hasa?

Hapa Biblia ina utaratibu uliopangwa hatua kwa hatua, na karibu kila ugomvi wa kwaya au wa kamati ya ujenzi hukua kwa sababu hatua ya kwanza imerukwa.

Mathayo 18:15: “Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu.” Kuna mambo matatu ndani yake. “Enenda” maana yake wewe uliyekosewa ndiye unayekwenda, husubiri aje. “Ukamwonye” maana yake umwambie kosa, si kumnunia wala kupanda madhabahuni na pambio la mafumbo. “Peke yenu” maana yake hakuna mtu wa tatu, na grupu la WhatsApp lenye watu 64 si peke yenu. Hata “naomba mniombee, kuna mtu ananitesa moyo” kwenye grupu ni kurukia hatua ya tatu, kwa sababu kila mmoja anajua ni nani.

Kiutendaji: mpigie, usimwandikie, maana maandishi hayana sauti na yanaweza kusambazwa. Omba nusu saa. Taja tendo moja, tarehe na athari yake: “Jumamosi kwenye mazoezi ulisema mbele ya wote kwamba nimekula michango ya sare. Daftari ninalo hili hapa. Nimeaibika.” Usianze na “wewe siku zote”, kwa sababu ataacha kujibu la Jumamosi na kuanza kujitetea kwa miaka kumi. Kisha nyamaza umsikilize. Yakobo 1:19 inataka uwe mwepesi wa kusikia, na inawezekana kabisa ukagundua kwamba mwenye kosa ni wewe.

Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili (18:16). Kazi yao ni kuthibitisha yanayosemwa, kwa hiyo usichague shangazi yako na rafiki yako wa damu. Chagua ambao yeye pia anawaheshimu. Ikishindikana ndipo jambo lipelekwe kwa kanisa, kwa wazee, kwa utaratibu. Na mstari wa 20 tunaoutumia kila mara watu wanapokuwa wachache ibadani, “walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu”, uko ndani ya habari hiihii ya usuluhishi.

Kama aliyekosa ni wewe, utaratibu uko Mathayo 5:23-24: unaiacha sadaka, unakwenda kupatana, ndipo unarudi kuitoa. Kwa hiyo ukikumbuka Jumamosi usiku, simu ipigwe Jumamosi usiku. Kwa vyovyote vile ni wewe unayeanza, uwe umekosa au umekosewa.

Mume ananipiga, na ananisomea Waefeso 5:22. Je, kutii ni kuvumilia?

Hapana. Anayetaka kusoma Waefeso 5:22 asome kuanzia wa 21, unaowaagiza wote kunyenyekeana, mpaka wa 29, unaosema hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, “bali huulisha na kuutunza”. Mume ameagizwa ajitoe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa (5:25). Kipigo hakina mahali pa kusimama hapo. Petro anaongeza kwamba mume asiyemheshimu mkewe maombi yake yanazuiliwa (1 Petro 3:7).

Kuhusu kusamehe “saba mara sabini”: kusamehe na kurudi kulala chini ya paa moja ni mambo mawili. Daudi alimsamehe Sauli, mara mbili akiwa na uwezo wa kumuua hakumgusa. Sauli akakiri, akamwambia “rudi”. Daudi akaenda zake (1 Samweli 26:21-25), na sura inayofuata inamkuta amehamia mbali zaidi. Maandiko hayamlaumu kwa kutorudi ikulu.

La kufanya: nenda mahali salama kwanza. Hospitali wakuandikie majeraha. Kwa Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Unaweza kwenda na mama mtu mzima wa kanisani akusindikize. Mchungaji au padri ajue, lakini kikao cha usuluhishi kisiitishwe wakati hatari bado ipo. Na kiongozi wa dini anayekurudisha nyumbani usiku huohuo “ukaombe” amekushauri vibaya.

Zaka nitoe kabla au baada ya makato?

Biblia haijui mshahara wenye makato. Zaka ya Torati ilikuwa ya mazao na mifugo (Walawi 27:30-32), na kila mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe (Kumbukumbu la Torati 14:28-29). Makanisa yanatofautiana kama fungu la kumi linamfunga Mkristo au ni kipimo cha kuanzia, kwa hiyo fuata mafundisho ya kanisa lako. Wanapokubaliana ni kwenye Agano Jipya: kutoa kwa mpango, kwa kadiri ya kufanikiwa (1 Wakorintho 16:2), si kwa huzuni wala kwa lazima (2 Wakorintho 9:7).

Kwa mtu anayepokea shilingi 600,000 mkononi na ameamua fungu la kumi, hiyo ni 60,000. Itenge siku fedha inapoingia, uigawe kwenye bahasha nne za 15,000. Ukisubiri kinachobaki tarehe 28, hakibaki.

Kuna mambo yanayoharibika hapa mara nyingi. Malaki 3:10, “Leteni zaka kamili ghalani”, unasomwa kila Jumapili, lakini 3:5, mistari mitano nyuma, hausomwi: Mungu anasema atawashitaki wanaomwonea mfanyakazi katika mshahara wake, na mjane, na yatima. Mtu anayetoa zaka kamili huku dada wa kazi hajalipwa miezi miwili amesoma nusu ya sura. Kumbukumbu la Torati 24:15 unataka ujira wa kibarua ulipwe siku ileile, kabla jua halijachwa.

Jingine ni Korbani. Katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea watu walioweka mali wakfu kwa Mungu ili wasiwatunze wazazi wao. Leo inaonekana pale ada ya mtoto au dawa ya presha ya bibi inapopelekwa kama “mbegu”. Paulo anamwita asiyewatunza wa nyumbani mwake kuwa mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8). Anayekuambia Mungu atakurudishia ada hiyo mara mia ifikapo Ijumaa, mwombe akuwekee dhamana yeye.

Je, Warumi 13:8 inakataza mikopo?

“Msiwiwe na mtu cho chote” unaendeleza mstari wa 7, unaohusu kumlipa kila mtu haki yake: kodi, ushuru, heshima. Msisitizo ni kulipa kilichofika wakati wake. Torati inaruhusu kukopesha, tena inamtaka mwenye uwezo amkopeshe ndugu mhitaji (Kumbukumbu la Torati 15:7-8), bila riba kwa maskini (Kutoka 22:25). Zaburi 37:21 inamwita asiye haki yule anayekopa halipi.

Ukiwa umekwama, andika madeni yote kwenye karatasi moja: nani, kiasi, riba, tarehe. Nenda kwa mdai kabla ya tarehe, si baada ya kupigiwa simu mara kumi bila kupokea. Usichukue mkopo wa kausha damu kulipa kikoba; hapo ndipo wengi wanapopoteza friji na kitanda, kama Mithali 22:27 inavyosema kuhusu kitanda hichohicho. Punguza ahadi za michango kwa muda, na umweleze mtunza hazina kwa nini.

Nilimdhamini mwenzangu na ameanza kuchelewesha marejesho. Nisali au nifanye nini?

Mithali 6:1-5 inatoa maagizo ya dharura: usilale, nenda leo, nyenyekea, mbembeleze, jiokoe kama paa anavyojinasua kutoka mkononi mwa mwindaji. Kwa hiyo nenda kwake leo, kisha nendeni pamoja kwa kikundi, mwombe ratiba mpya ya marejesho iandikwe na isainiwe. Kila wiki unayokaa kimya kwa “kumwachia Mungu” inaongeza faini kwa jina lako. Sala iende pamoja na nauli.

Mstari gani unahusu biashara?

Ipo mingi, na iko wazi kuliko wengi wanavyotaka. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo: kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Kwetu jiwe kubwa ni lumbesa. Mnunuzi anafika shambani, anamtaka mkulima ajaze gunia la viazi mpaka lishonewe kilemba juu, analipa bei ya gunia la kawaida, kisha anafika sokoni na kuuza kwa kilo. Tanzania Wakala wa Vipimo umepiga marufuku lumbesa, lakini hata pasipo na mkaguzi Mithali 11:1 ungebaki pale pale. Jiwe dogo ni kopo lililobonyezwa kitako, mizani ambayo mshale hauanzii sifuri, na nyama iliyolowekwa maji.

Kwa mwenye duka jaribio ni rahisi: pima kilo yako ya sukari kwenye mizani ya jirani. Ikipungua, rekebisha mizani leo, na wateja wa mkopo walioko kwenye daftari uwapunguzie kiasi hicho.

Nikiombewa, niache dawa?

Usiache. Yakobo 5:14 unaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Hautaji kuacha tiba wala kulipia mafuta. Isaya alimpelekea Hezekia ahadi ya kupona kutoka kwa Mungu na papo hapo akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu (Isaya 38:21). Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Timotheo 5:23), alimwacha Trofimo Mileto akiwa hawezi (2 Timotheo 4:20), na alisafiri na Luka, tabibu. ARV, dawa za kisukari, presha, kifua kikuu na kifafa haziachwi kwa kujisikia nafuu, maana nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa. Anayeamini amepona arudi kupima, na daktari ndiye atakayebadilisha dozi. Wale wakoma kumi Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na mamlaka ya kuthibitisha kupona (Luka 17:14).

Biblia haitaji kubeti. Kuna ubaya?

Haitaji mkeka, ila inaeleza kinachomtuma mtu kuuweka. 1 Timotheo 6:9 unazungumzia wanaotaka kuwa na mali na kuanguka katika tanzi, na Mithali 13:11 inasifu anayekusanya kwa mkono wake kidogo kidogo. Pale ambapo hakuna mstari wa moja kwa moja, uliza maswali manne: fedha hii ilikuwa ya nani kabla sijaiweka? Nikishinda, nani amepoteza? Naweza kumwambia mke wangu kiasi cha mwezi huu? Naweza kuacha kwa siku 30? Anayeshindwa swali la mwisho hahitaji mjadala wa maandiko. Anahitaji mtu wa kushika fedha zake kwa muda na kufuta programu hiyo kwenye simu.

Kukariri mistari kunasaidia? Nikariri vipi?

Kunasaidia kwa sababu jaribu halisubiri ufungue Biblia. Jangwani Yesu alijibu mara tatu, zote kutoka Kumbukumbu la Torati (8:3, 6:16, 6:13). Ila kumbuka kwamba ibilisi naye alinukuu, tena Zaburi ya 91 (Mathayo 4:6), kwa hiyo kukariri pekee si kinga.

Chukua mstari mmoja kwa wiki. Uandike kwa mkono kwenye kipande cha kadi, rejea juu na chini. Sema “Yakobo 1:19” kabla na baada ya maneno, maana kinachosahaulika kwanza ni namba. Gawa mstari mrefu kwa vituo vyake. Urudie asubuhi na usiku siku saba, kisha mara moja kwa wiki mwezi mzima, kisha mara moja kwa mwezi. Bila marudio hayo unakariri mpya huku ya zamani inamwagika.

Mkristo anaweza kula kitimoto? Na pweza?

Walawi 11:7 unamtaja nguruwe, na 11:9-12 unakataza kila cha majini kisicho na mapezi na magamba. Anayemkataa nguruwe kwa mstari huo akumbuke kwamba pweza, ngisi, kamba na kaa wa feri wamo katika sura hiyohiyo. Wakristo wengi hufuata Marko 7:19 na Matendo 15, kwamba sheria hizo za vyakula hazifungi kanisa, ila Wasabato wanazishika. Warumi 14 inawaagiza wote wawili: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Mstari wa 15 una kazi ya jikoni. Ukijua mgeni wako wa arusi au wa msiba hali kitimoto, usimtengee sahani pembeni kama mgonjwa. Pika kuku kwa wote.

Nikikwama kwenye mstari nimuulize nani?

Anza na tafsiri ya pili. Union na Habari Njema zikiwekwa pamoja hufumbua sehemu kubwa ya mistari migumu, na Habari Njema inapatikana pia ikiwa na vitabu vya deuterokanoni kwa Wakatoliki. Kisha muulize katekista, mwinjilisti, mchungaji au padri, lakini usimkamate mlangoni baada ya ibada akiwa anasalimiana na watu mia mbili. Mwandikie ujumbe katikati ya wiki wenye mambo matatu: rejea ya mstari, ulichoelewa baada ya kusoma sura nzima, na jambo lenyewe unalotaka kuamua. Swali likija hivyo atakujibu kwa dakika tano, au atakuita mkae.